Jinsi ya kuandika historia ya jumba la sanaa la halmashauri

Jumba la sanaa linaloendeshwa na halmashauri ni ofisi ya umma kabla halijawa mahali pa picha. Lina kasma yake kwenye bajeti, kamati inayolisimamia, mlinzi anayelipwa mshahara, na paa linalovuja ambalo fundi wake hapandi ngazi mpaka kikao kiridhie. Ndiyo maana historia yake haiandikwi kama maisha ya mchoraji. Ukianzia kwenye picha zilizotundikwa utaishia na orodha ya picha. Ukianzia kwenye mihtasari ya vikao na vitabu vya hesabu utajua nani alilitaka jumba, nani alilipinga, fedha zilitolewa wapi, na kwa nini mwaka fulani milango ilifungwa bila maelezo.

Kwa jumba lenye umri wa miaka 40 hadi 60, watu wawili wanaofanya kazi hii kwa muda wa ziada wajitengee kama miezi tisa. Nusu ya muda huo iende kwenye nyaraka, robo kwenye mahojiano, na inayobaki kwenye kuandika na kuhakiki. Kosa la kawaida ni kuanza na mahojiano kwa kuwa yanasisimua. Usipozijua tarehe na majina kabla ya kukaa na msimamizi wa zamani, hutajua lini anachanganya maonyesho mawili, wala hutakuwa na swali la kumrudisha kwenye mstari.

Jumba moja, siku nyingi za kuzaliwa

Swali la kwanza utakaloulizwa ni "lilianza lini?", na jibu lake huwa zaidi ya moja. Tafuta tarehe hizi zote na uziandike kando kando: siku baraza lilipopitisha azimio, mwaka wa fedha ambao pesa zilitengwa kwa mara ya kwanza, siku kazi ya kwanza ya sanaa ilipopokelewa, siku jiwe la msingi lilipowekwa, siku milango ilipofunguliwa kwa umma, siku msimamizi wa kwanza alipoajiriwa, na siku jumba lilipopata jina linalotumika sasa. Kati ya ya kwanza na ya mwisho panaweza kupita miaka ishirini.

Mifano ipo. Jumba la jiji la Johannesburg lilikuwa na mkusanyiko wa kazi mwaka 1910, lakini jengo lake lililobuniwa na Edwin Lutyens lilifunguliwa 1915. Lile la Dublin linaloendeshwa na baraza la jiji lilianza 1908 katika nyumba ya Harcourt Street, likahamia Charlemont House mwaka 1933. Manchester ni kisa kirefu zaidi. Taasisi iliyojenga jengo ilianzishwa 1823 na watu binafsi, na jengo pamoja na mkusanyiko vikaingia mikononi mwa baraza la mji mwaka 1882, kwa sharti kwamba baraza litumie pauni 2,000 kila mwaka kwa miaka 20 kununulia kazi za sanaa. Anayeandika "ilianzishwa 1823" na anayeandika "1882" wote wana hoja. Wanazungumzia vitu viwili.

Ushauri wetu ni huu: neno "kuanzishwa" litumie kwa tarehe ya azimio la baraza, "kufunguliwa" kwa siku umma ulipoingia, na usiyabadilishe katikati ya kitabu. Kama jumba lilianzishwa na chama cha wasanii na halmashauri ikalichukua baadaye, tumia "kukabidhiwa" na utafute hati ya makabidhiano. Humo ndimo yalimo masharti ambayo watu wameyasahau: kiingilio kisitozwe, chumba fulani kiachiwe chama, au kazi fulani zisiuzwe kamwe.

Kibao cha uzinduzi kilichoko mlangoni kisikutie moyo sana. Vibao huchongwa kabla ya sherehe. Sherehe ikiahirishwa, au mgeni rasmi akituma mwakilishi, kibao hubaki kilivyo. Kilinganishe na gazeti la siku iliyofuata, si la siku iliyotangulia, kwa sababu la kabla linatangaza tu kinachotarajiwa.

Nyaraka ziko wapi, na zimejificha chini ya jina gani

Ukienda masjala na kuomba "jalada la jumba la sanaa" unaweza kuambiwa halipo, na mhudumu akawa anasema kweli. Majumba haya mara nyingi yalisimamiwa na kamati yenye jina jingine kabisa: ya maktaba, ya elimu, ya bustani, ya ustawi wa jamii, ya burudani, na miaka ya karibuni ya utalii au uchumi. Kazi yako ya kwanza ni kutengeneza ukurasa mmoja unaoonyesha jumba lilikuwa chini ya kamati gani, kuanzia mwaka gani hadi upi. Ukurasa huo utakuokolea wiki kadhaa.

Halmashauri zenyewe pia huunganishwa, hugawanywa na kufutwa. Walker Art Gallery ya Liverpool, iliyofunguliwa 1877, ilikuwa ya mji hadi 1974, ikawa chini ya baraza la kaunti ya Merseyside, na baraza hilo lilipofutwa 1986 ikaingia katika kundi la majumba ya taifa. Mabadiliko ya namna hiyo hutawanya karatasi. Sehemu hubaki kwenye hifadhi ya nyaraka ya mji, sehemu hufuata jumba, sehemu huenda kwa mrithi wa kaunti. Kila yanapotokea makabidhiano, uliza ofisi zote mbili, iliyotoa na iliyopokea.

Halafu tafuta sheria iliyoiruhusu halmashauri kutumia pesa za umma kwa sanaa, kwa sababu halmashauri haiwezi kutumia hata senti bila mamlaka ya kufanya hivyo. Nchini Uingereza, sheria ya 1845 iliziruhusu serikali za miji yenye watu 10,000 au zaidi kutoza nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya majengo ili kuendesha makumbusho, na mwaka 1948 sheria nyingine ikazipa halmashauri uhuru mpana wa kugharimia burudani na sanaa. Ukijua sheria iliyokuwa ikitumika utaelewa mambo ambayo vinginevyo yanaonekana kama ubahili au ubishi, mathalani kwa nini jumba liliitwa "makumbusho" ilhali halikuwa na chochote ila picha.

Mihtasari isome hivi. Chukua mwaka mmoja karibu na tarehe ya ufunguzi na uusome wote, ukurasa kwa ukurasa, hata mambo ya mitaro na masoko. Utajifunza namna karani alivyoandika, vifupisho vyake, na kasma zinazohusika. Baada ya hapo tumia faharasa kwa miaka mingine, lakini kila miaka mitano rudi kusoma mwaka mzima, kwa kuwa faharasa za zamani huacha mengi. Kwa kila kipengele nakili tarehe ya kikao, jina la kamati, namba ya agenda na namba ya ukurasa. Ukirudi miezi sita baadaye na daftari lisilo na namba ya ukurasa, umeanza upya.

Na viambatisho. Muhtasari husema "taarifa ya mkurugenzi ilipokelewa" na kupita. Taarifa yenyewe ndiyo yenye nyama, nayo hutunzwa mahali pengine, mara nyingi kwenye jalada la kikao au la idara. Iombe kwa tarehe.

Jambo linalopotosha wengi: azimio si utekelezaji. Baraza hupitisha ujenzi wa chumba cha pili mwaka huu, fedha hukatwa mwaka ujao, na chumba hakijengwi. Mtu anayesoma azimio peke yake anaandika kwamba kilijengwa. Ili tukio liingie kwenye historia kama limetokea, litafutie ushahidi wa pili wa aina tofauti: hati ya malipo, picha, gazeti, au kitu chenyewe kilichosimama. Kinyume chake pia hutokea. Jambo limefanyika wazi wazi na mihtasari iko kimya, kwa sababu lilipitishwa kwenye kikao cha ndani au lililipiwa kutoka kasma ya matengenezo ya majengo.

Fuata pesa mpaka mwisho

Vitabu vya hesabu vina safu mbili unazozihitaji: makadirio na matumizi halisi. Makadirio ni nia, na matumizi halisi ni kilichotokea. Tenganisha pia matumizi ya kawaida, yaani mishahara, umeme, bima na usafi, na matumizi ya maendeleo, yaani ujenzi, ukarabati mkubwa na ununuzi wa kazi. Jumba linaweza kuonekana limepewa fedha mara tatu ya mwaka uliopita kumbe ni paa lililobadilishwa, na pesa za maonyesho zimepungua.

Mwaka wa fedha nao una mitego. Ukiona 1962/63, tukio linaweza kuwa la mwaka wowote kati ya hiyo miwili. Kwa halmashauri za Uingereza mwaka wa fedha huanza 1 Aprili. Kwingineko huanza 1 Julai au Januari. Hakikisha kabla hujachora jedwali.

Usijaribu kubadilisha fedha za zamani kuwa za leo kwa kukisia. Ukitaka msomaji aelewe ukubwa wa kiasi, kigawe kwa jumla ya bajeti ya halmashauri ya mwaka huohuo, au kilinganishe na mshahara wa mwaka wa karani uliomo kwenye kitabu hichohicho. "Gharama ya maonyesho ilikuwa sawa na mshahara wa karani wa miezi minne" inaeleweka kuliko tarakimu yoyote iliyokuzwa. Kwa vitabu vya Uingereza vya kabla ya 15 Februari 1971, kumbuka pauni 1 ilikuwa shilingi 20, na shilingi peni 12. Kiasi cha pauni 412, shilingi 7 na peni 6 kwenye jedwali kinakuwa 412.375. Ukikiandika 412.76 jumla zako hazitakubaliana na za mhasibu, nawe utatafuta kosa mahali lisipokuwepo.

Leja ya kukodisha ukumbi isikupite. Humo utaona chumba kikubwa kilitumika kwa mitihani, harusi, kupigia kura na mikutano ya vyama, na mara nyingine siku za kukodisha zilizidi siku za maonyesho. Hilo ndilo jumba jinsi watu walivyolijua. Fomu za kukodisha hutaja pia kiwango ambacho jumba lilikata kwenye mauzo ya kazi za wasanii, takwimu ambayo haipatikani kirahisi kwingine.

Daftari la mapokezi, na kazi ambazo hazipo

Kila jumba lenye mkusanyiko lina daftari la mapokezi, yaani daftari ambamo kila kazi inayoingia huandikwa na kupewa namba, au lilipaswa kuwa nalo. Namba za kawaida huwa na sehemu tatu: 1963.14.2 ina maana ya kazi ya pili katika pokezi la kumi na nne la mwaka 1963. Lakini angalia kama mwaka huo ni wa kupokelewa au wa kuandikishwa. Majumba mengi yalianza kuandikisha miaka mingi baada ya kufunguliwa, yakazipa kazi zote za mwanzo namba za mwaka mmoja. Ukiona mapokezi 180 katika mwaka ambao bajeti ya ununuzi ilikuwa sifuri, hicho ndicho kilichotokea.

Fanya ulinganisho wa pande mbili. Kwanza kutoka daftarini kwenda stoo: chagua namba 50 bila kupendelea, uzitafute. Kisha kutoka stoo kwenda daftarini: chukua kazi 50 zilizoko rafuni, uzitafute kwenye daftari. Upande wa kwanza hufichua kilichopotea, wa pili hufichua kilichoingia bila karatasi. Ukifanya upande mmoja tu utaona nusu ya tatizo.

Lugha iwe ya tahadhari. Kazi isiyoonekana leo iandike "haijaonekana mahali pake tarehe fulani". Usiandike "imeibwa" wala "imepotea" mpaka uwe umepekua ofisi za halmashauri. Ilikuwa desturi kuwakopesha wakuu wa idara picha za kupamba kuta, na hati ya mkopo, kama iliandikwa, hufa na ofisa anapostaafu. Tafuta ofisi ya meya, ukumbi wa baraza, shule, hospitali na nyumba za wageni za serikali. Orodha ya zisizoonekana impitie mwanasheria wa halmashauri kabla haijachapishwa, kwa sababu polisi na kampuni ya bima huenda wakahusika.

Zawadi na wosia zisome hati zenyewe, si muhtasari wake. Kisa cha Hugh Lane, mfanyabiashara wa sanaa aliyeanzisha lile jumba la Dublin, kinaonyesha uzito wa jambo hili. Alifariki meli ya Lusitania ilipozamishwa Mei 1915. Wosia wake uliipa National Gallery ya London picha 39, na nyongeza aliyoiandika baadaye ikazirudisha Dublin. Nyongeza hiyo ilikuwa na saini yake lakini haikuwa na mashahidi, kwa hiyo kisheria haikuwa na nguvu. Mzozo ukaendelea hadi 1959 ndipo pande mbili zilipokubaliana namna ya kuzionyesha kwa zamu. Saini za mashahidi wawili zingetosha kubadilisha historia ya majumba mawili. Basi unaposoma hati ya zawadi, angalia nani alisaini, nani alishuhudia, na kama baraza lilipitisha azimio la kuipokea. Zawadi ambayo haikupokelewa rasmi inaweza kuwa mkopo uliosahaulika.

Kushika, kupiga picha, kuhifadhi

Karatasi zishike kwa mikono iliyooshwa na kukauka. Glavu za pamba hukwamisha vidole na kuchana kingo. Picha na hasi (negativu za filamu) ndizo zinazohitaji glavu, za mpira wa nitrili. Tumia penseli, kamwe si kalamu ya wino. Pini na vibana vilivyoota kutu usivivute. Ingiza kipande chembamba cha plastiki laini kati ya kutu na karatasi, kisha ukiteleze kibana juu yake. Utepe wa gundi usiubandue. Mwachie mhifadhi.

Vipo vitu vya kuvipa kipaumbele kwa sababu vinakufa haraka:

- Faksi na risiti za karatasi ya joto, inayochapwa kwa joto bila wino, hufifia hata gizani. Zipige picha siku ya kwanza.
- Hasi za plastiki zinazonuka siki zimeanza kuoza, na mvuke wake huambukiza zilizo karibu. Zitenge, kisha uzinakili mapema.
- Hasi na filamu za kabla ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 zinaweza kuwa za nitrati, ambayo hushika moto kwa urahisi na ni vigumu kuuzima. Zikiwa zimegeuka kahawia na kunata, usizifungue wala usiziweke karibu na taa ya moto. Mwite mtunza nyaraka.
- Karatasi zenye kuvu zifunge kwenye mfuko, zitoe kwenye chumba cha kazi, na usizipulize wala kuzipangusa bila barakoa.

Skana maandishi kwa nukta 300 kwa inchi, picha za karatasi kwa 600, na hasi za milimita 35 kwa 2,400 au zaidi. Nakala kuu iwe faili la picha la aina ya TIFF, na ya kutazama JPEG. Kama una simu tu, weka karatasi mezani, taa mbili pande mbili kwa mwinuko wa nyuzi 45, simu ikiwa sambamba na meza, na acha kingo zote nne za karatasi zionekane pamoja na rula. Mwanga wa balbu ya dari peke yake huleta kivuli cha mkono wako kwenye kila ukurasa.

Majina ya mafaili yaanze na mwaka, mwezi, siku: 1964-03-12_kamati-maktaba_muhtasari_017. Yatajipanga yenyewe. Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Diski inayokaa mezani kando ya kompyuta haihesabiki kama nakala ya nje; mwizi hubeba vyote, na bomba likipasuka hulowesha vyote. Guildhall Art Gallery ya London iliteketea kwa mabomu mwaka 1941 na jengo jipya halikufunguliwa hadi 1999. Jengo likiungua, yaliyokuwa ndani peke yake huenda nalo.

Vipande vya magazeti vilivyobandikwa kwenye vitabu mara nyingi havina tarehe. Kama kipande kimeachia gundi, geuza upande wa pili: matokeo ya mechi, tangazo la sinema au bei ya bidhaa vinaweza kukupa wiki yake. Kwa picha ya ndani ya jumba isiyo na tarehe, acha sura za watu kwanza, tazama ukuta. Ukitambua kazi tatu zilizoning'inia pamoja, tafuta katalogi ambayo namba zake zinafuatana kwa mpangilio huo. Hapo utapata maonyesho, na maonyesho yatakupa mwezi.

Mahojiano

Orodha ya wa kuhojiwa isijae wakurugenzi. Mlinzi, msafishaji, seremala wa fremu, mwalimu wa darasa la Jumamosi na karani wa kamati wanajua jengo kuliko waliolizindua. Watu kumi na wawili wanatosha kwa jumba dogo, na waanze wazee zaidi.

Kikao kimoja kisizidi dakika 90. Rekodi kwa faili la sauti la WAV, kHz 48 na biti 24, kinasa kikiwa juu ya kitambaa ili meza isinguruume, friji na feni vikiwa vimezimwa. Kabla ya kuanza, taja kwenye rekodi tarehe, mahali na majina. Fomu ya ridhaa isainiwe siku hiyohiyo, ikieleza rekodi itatunzwa wapi, nani ataisikiliza, na kama jina litatajwa. Ukiiacha ridhaa kwa "baadaye", mtu akifariki warithi wake ndio utakaowaomba, na wanaweza kukataa. Kuandika kwa maneno saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita, kwa hiyo vikao 12 vya saa moja na nusu ni kazi ya wiki mbili hadi tatu za siku nzima.

Swali la "niambie historia ya jumba" huleta hotuba. Uliza vitu: asubuhi nani alifungua mlango wa nyuma? Fremu zilitoka wapi? Kazi za msanii aliyekataliwa zilirudishwaje? Mvua ikinyesha mlihamisha nini kwanza? Peleka picha kumi zilizochapishwa kubwa, uziweke mezani moja moja. Kumbukumbu za watu huamka kwa kuona chumba. Kwa tarehe usiwaamini sana, hata wenye uhakika. Waulize lilikuwa kabla au baada ya jambo unalolijua tarehe yake, kisha uthibitishe kwenye karatasi.

Jedwali la matukio ndilo uti wa mgongo

Fungua laha moja ya kompyuta (lahajedwali) yenye safu saba: tarehe ya uamuzi, tarehe ya utekelezaji, tukio, mahali, chanzo na ukurasa, uhakika (A, B au C), na maoni. A ni vyanzo viwili visivyotegemeana, B ni chanzo kimoja cha wakati huohuo, C ni kumbukumbu ya baadaye. Vijitabu vya sherehe za miaka 25 au 50 ni C, hata vikichapishwa kwa karatasi nzuri. Vinanakiliana, na kosa la cha kwanza huishi katika vyote vinavyofuata. Ukiona vyanzo vitano vinakubaliana neno kwa neno, hesabu kimoja.

Maonyesho yawe na laha yake: jina, siku ya kufungua na kufunga, msanii mmoja au kundi, wasanii wa eneo hilo au wa nje, wanawake wangapi, nani aligharimia. Laha hii ikijaa ndipo utakapoona yale ambayo hakuna muhtasari unaoyasema, kama miaka saba mfululizo bila onyesho la mwanamke mmoja peke yake, au chama kimoja kilichoshika ukumbi kila Desemba.

Idadi ya wageni itazame kwa jicho kali. Kihesabio cha mlangoni huhesabu kuingia na kutoka, hivyo hugawanywa kwa mbili, na hata hapo wafanyakazi wamo. Wanafunzi wa ziara huingizwa mara moja kama kundi au mmoja mmoja, kutegemea nani alikuwa zamu. Takwimu zikiruka ghafla, tafuta kwanza kama njia ya kuhesabu ilibadilika. Kitabu cha wageni hakitoi jumla kwa sababu wengi hawasaini, ila kinaonyesha watu walitoka wapi.

Kuandika na kuchapisha

Sura zisigawanywe kwa vipindi vya wakurugenzi. Mpangilio huo ni rahisi kwa mwandishi na mchovu kwa msomaji, na unampa mkurugenzi sifa za mambo yaliyoamuliwa na mhasibu. Gawanya kwa maswali yaliyojitokeza kwenye jedwali lako: jengo lilipatikanaje, nani alichagua cha kuonyeshwa, nani hakuruhusiwa kuingia au hakujiona anakaribishwa, nini kiliuzwa. Maneno 6,000 hadi 8,000 yanatosha kijitabu cha kurasa 32 chenye picha. Idadi ya kurasa iwe inagawanyika kwa nne, la sivyo mchapishaji atakuongezea kurasa tupu mwishoni.

Halmashauri ndiyo mwenye nyumba, na mara nyingi ndiyo inayolipa. Kubalianeni kwa maandishi kabla ya kuanza kwamba wao watasahihisha ukweli, si hukumu. Bila barua hiyo, sura ya kufungwa kwa jumba ndiyo itakayokatwa.

Haki miliki ni jambo la pekee. Halmashauri kumiliki turubai hakuipi haki ya kuchapisha picha yake. Haki hiyo hubaki kwa msanii na warithi wake, kwa kiwango cha chini cha Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa haki miliki, miaka 50 baada ya kifo chake, na katika nchi nyingi miaka 70. Picha iliyopigwa ya kazi hiyo inaweza kuwa na haki ya pili, ya mpiga picha. Barua ya kuomba ruhusa itaje kazi, ukubwa itakavyochapishwa, idadi ya nakala na kama itawekwa mtandaoni. Ipeleke miezi mitatu kabla ya kwenda kiwandani. Asiyejibu hajakubali.

Kabla ya kuchapa, wape rasimu watu watatu: aliyefanya kazi pale, mtunza nyaraka, na mtu ambaye hajawahi kuingia jumbani. Wa mwisho atakuuliza kamati ilikuwa nini, na atakuwa na haki.

Ukimaliza, kabidhi hifadhi ya nyaraka kila kitu: laha, rekodi, fomu za ridhaa, skani, na ukurasa mmoja unaoeleza mafaili yalivyopangwa na ni majalada gani uliyaomba ukaambiwa hayapo, pamoja na tarehe ulizoambiwa hivyo.